Jengo moja, wenyewe wanne: kwa nini maghorofa ya zamani ya mjini Dar yanabadilika kazi kila baada ya miaka

Wiki iliyopita nilipanda ngazi za jengo moja la zamani pale Kisutu kumtafuta fundi wa mihuri, maana muhuri wa kikoba chetu umeisha mpira na yeye ndo alituchongea ule wa kwanza. Nafika juu, chumba chake kimekuwa stoo ya mawigi. Maboksi mpaka darini, kijana mmoja kajilaza juu ya marobota anachezea simu, habari za fundi hana hata kidogo. Nikashuka kuuliza.

Mlinzi ni mzee wa makamo, nikampa shikamoo yake, nikamuuliza fundi kahamia wapi, na kwa kuwa mdomo ulishafunguka nikaongezea, hivi mzee wangu hili jengo la nani? Akasema hili la Msajili wa Majumba. Kaka wa vitambaa wa duka la chini akadakia, Msajili gani bwana, hili la Mhindi, babu yao ndo kalijenga, jina lao si lile pale juu. Dada wa miamala, aliyebanwa na kimeza chake pale mdomoni mwa ngazi, akasema yeye kodi anampelekea mama wa fremu ya pili, kwa hiyo kwake yeye jengo ni la mama. Halafu dalali, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza kitu, akasema jengo la National, lile Shirika la Nyumba, ila ukitaka chumba usijisumbue kwenda National, ongea na mimi.

Nimekaa na hiyo kitu kichwani siku kadhaa na nimegundua hakuna hata mmoja aliyedanganya. Huku mjini kati, kuanzia Posta, Samora, India, Jamhuri, Zanaki, Libya, mpaka unavuka Mnazi Mmoja unaingia Kariakoo, kuuliza jengo la nani ni kama kuuliza daladala ya nani. Kuna mwenye gari, kuna aliyeandikwa kwenye leseni, kuna dereva anayepeleka hesabu jioni, na kuna deiwaka ambaye ndo kashika usukani saa hii unapopanda wewe. Jengo nalo hivohivo: kuna mwenye ardhi, kuna mwenye kuta, kuna mpangaji wa kwenye karatasi, na kuna mwenye ufunguo. Zamani wote hao walikuwa mtu mmoja, zama zikawa zinakuja zinawatenganisha mmoja mmoja, na kila walipotenganishwa jengo likabadilika kazi, duka likawa ofisi, ofisi ikawa stoo, ukuta wenyewe haujapigwa hata rangi.

Ngoja tuanze na kuta.

Siku ukipita mtaa kama Jamhuri usiangalie mabango, vuka upande wa pili uangalie juu. Kwenye paji la jengo, karibu na paa, mengi yana mwaka umechongwa kwenye plasta, elfu moja mia tisa thelathini na kitu, arobaini na kitu, hamsini na kitu, na mara nyingi na jina la familia. Waliojenga wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, na walijenga hapo kwa sababu hapo ndo walipopangiwa. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi 1891, mwaka uleule waliohamishia makao makuu Dar kutoka Bagamoyo, zikisema jengo la namna gani lisimame wapi, na Waingereza walipokuja wakaligawa jiji kanda tatu: ya kwanza makazi ya kizungu, ya pili biashara na makazi humohumo, ya tatu nyumba za wenyeji. Sisi tukaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, yakaisha. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja mnaopigia picha haukuachwa wazi ili watu wapunge upepo, uliachwa kuitenga Uhindini na Kariakoo.

Hilo neno "humohumo" la kanda ya pili ndo lilizaa umbo lenyewe. Chini duka lenye dari refu ili joto lipande. Mbele pembamba nyuma parefu, kwa sababu kila mtu anataka kipande cha barabara. Uani jiko na stoo. Juu familia inaishi, na roshani inachungulia mtaani. Na ngazi, hapa naomba mnivumilie kidogo, ngazi haipiti ndani ya duka. Ina mlango wake mdogo pembeni, unafungukia barabarani, watu wa nyumbani wanapanda na kushuka bila kukatiza kwa wateja. Mimi naamini mlango ule mdogo ndo umeyaokoa majengo haya. Siku mwenye duka akiondoka, chini na juu vinaweza kwenda kwa watu wasiojuana kabisa na hakuna anayemwomba mwenzake njia, juu pakakaa wakili, chini pakauzwa sufuria, maisha yakaendelea. Jengo lenye ngazi katikati ya duka halina bahati hiyo, mpangaji mmoja akigoma jengo zima limegoma.

Kariakoo ilikuwa na dawa yake nyingine, ile nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, baraza mbele, choo na jiko uani. Hiyo imezaliwa tayari kupangishwa chumba kimojakimoja, na ukitoboa dirisha la chumba cha mbele likawa mlango umepata kinyozi. Shida yake ni kwamba haipandi juu, kwa hiyo kiwanja kilipokuwa na thamani kuliko nyumba, nyumba ikaondoka. Zilizobaki Kariakoo leo unazihesabu.

Sasa wenye majengo.

Watu wengi ukiwauliza serikali ilianza lini kuingiza mkono kwenye majengo ya mjini watakwambia 1971. Ilianza kabla. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walizishika mali za Wajerumani kama mali za adui, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 zikapigwa mnada, Wahindi wakiwa kati ya wanunuzi wakubwa. Kwa hiyo yapo majengo ambayo huyo "Mhindi wa tangu zamani" mwenyewe aliyapata kwa serikali kumnyang'anya mtu mwingine. Hata Kariakoo yenyewe ilizaliwa hivyo, Wajerumani walijenga ukumbi wa maonyesho ya 1914, vita ikaingia kabla maonyesho hayajafanyika, Waingereza wakapaweka wapagazi wao wa jeshi, wale wa Carrier Corps, jina likasagika midomoni mwetu likatoka Kariakoo, mwaka 1923 pakawa soko, miaka ya 1970 likajengwa lile soko la Beda Amuli lenye paa kama miavuli, likafunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Sehemu moja hiyo: maonyesho, jeshi, soko, soko, moto.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 wale waliokuwa na viwanja vya kumiliki milele waligeuzwa kwa sheria wakawa wapangaji wa serikali kwa miaka 99, na 1969 nao upangaji huo ukageuzwa ukawa hii haki ya kutumia ardhi tunayoijua leo. Hapo mwenye ardhi akachomoka, akawa serikali. Dukani hakuna aliyehisi kitu maana asubuhi milango ilifunguliwa kama kawaida na kuta zilikuwa bado za mwenyewe.

Aprili 1971 zikachomoka na kuta. Sheria iliyopitishwa mwezi ule ilisema jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo mwenyewe halitumii lote, yaani kuna mpangaji ndani, linaweza kuchukuliwa na serikali. Fidia ilipangwa kwa umri wa jengo, na jengo lililozidi miaka kumi halikuwa na fidia. Sasa rudi kwenye paji la uso uliloangalia pale juu. 1936. 1948. 1955. Toa kwenye 1971 uone inabaki ngapi. Karibu yote mazuri ya mjini yalikuwa yamevuka miaka kumi, na aliyeandika kifungu kile bila shaka naye alikuwa amewahi kupita mitaa hii akiangalia juu.

Nchi nzima yalichukuliwa kama majengo 3,000 hivi. Sheria haikutaja asili ya mtu, ila kwa kuwa waliokuwa na maghorofa ya kupangisha mjini wengi wao walikuwa Wahindi, ndo waliolia. Hoja ya upande wa pili nayo nisiifiche, Azimio la Arusha lilikuwa na miaka minne tu, lilisema mtu asiishi kwa jasho la mwenzake, na kwa kipimo hicho mwenye nyumba anayekusanya kodi ni mnyonyaji kama wengine. Kwa mfanyakazi aliyekuwa analipa nusu ya mshahara kwenye chumba cha Uhindini, habari ile ilikuwa tamu. Mimi mwenyewe nikifikiria yule mzee aliyebana miaka ishirini akajenga ghorofa moja, chini duka juu wanawe, chumba kimoja kakodisha kwa kinyozi, halafu kwa ajili ya kinyozi jengo likaenda, nashindwa kushangilia.

Ili kuyasimamia akawekwa Msajili wa Majumba. Na hapa ndo pana kile kituko cha Dar ambacho wageni hawakielewi: wengi waliopoteza majengo hawakutoka ndani. Walibaki palepale, kitanda kilekile, duka lilelile, isipokuwa tarehe moja wanampelekea Msajili kodi ya nyumba yao. Wengine walihama nchi, wakaenda Uingereza, Kanada, na flati zao wakapewa watumishi, mashirika ya umma, watu wa chama. Jengo moja likawa lina mpangaji ambaye baba yake ndo kalijenga, na jirani yake wa ghorofa hiyohiyo ni karani aliyehamishwa kutoka Tabora. Wanasalimiana kwenye ngazi. Ndo maana kaka wa vitambaa anasema la Mhindi na mlinzi anasema la Msajili, kila mmoja kashika kipande chake. Msajili mwenyewe alishakufa siku nyingi, mwaka 1990 kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilikuwepo tangu 1962 na watu wanaliita National, lakini Dar jina halifi kwa kufutwa na Bunge.

Miaka ya 70 na 80 ilikuwa ya ofisi na foleni. Mashirika ya umma yalizaana, kila shirika linataka vyumba mjini, kwa hiyo vyumba vya kulala vya ghorofani vikajaa makabati ya mafaili. Chini, maduka ya RTC, yale ya kampuni za biashara za serikali za mikoa, bidhaa zinagawiwa, sukari ikija mtaa mzima unajua. Kulikuwa na fremu mjini kubwa, safi, zina makabati ya vioo, ndani kuna ndoo tatu na unga wa mahindi. Sitaki kukaa sana hapa, kila familia ina hadithi yake ya foleni.

Cha kuangalia kipindi kile ni kodi. Kodi za nyumba za umma zilikuwa chini, za watu binafsi nazo zilibanwa na sheria, ya 1984 ilikuja kufutwa 2005. Ukilipwa kodi ndogo huna hela ya kupaka rangi, bomba likipasuka mwenye jengo haji, mpangaji anatafuta fundi bomba kwa hela yake, dari likivuja anaziba mwenyewe, umeme anavuta mwenyewe, mwisho wa siku mtu ametengeneza chumba kile miaka kumi na tano kwa mfuko wake, na ukimwambia si chako anakutazama kama umemtukana. Hapo ndo upangaji ukaanza kuwa mali. Karatasi ya upangaji ikawa na thamani kuliko kinachoandikwa ndani yake.

Ndo tufike kwenye kilemba, maana bila kilemba hamtaelewa kwa nini fundi wangu wa mihuri kahama.

Kilemba tunakijua kwenye posa, mjomba anadai kilemba chake, na fundi wa zamani alikuwa akifuzisha kijana anapewa kilemba. Ni ile heshima unayompa mtu ndo akuachie njia. Mjini kati na Kariakoo ni hela unayompa aliyemo kwenye fremu ili atoke uingie wewe. Haiendi kwa mwenye jengo. Haina risiti. Mara nyingi ni kubwa kuliko kodi ya mwaka mzima, na watu wanaouza viwanja ili walipe kilemba wapo.

Wageni wanaona kama wizi, mimi nadhani ni hesabu tu. Tuchukue mfano wa kubuni: fremu kwenye karatasi kodi yake ni laki tatu kwa mwezi, ila kwa biashara ya mtaa ule mtu yeyote mwenye akili angelipa laki nane. Ile laki tano ya tofauti haiwezi kupotea hewani, kuna mtu ataila. Mwenye jengo hawezi kuila kwa sababu mkataba ni wa zamani au utaratibu wake wa kupandisha ni mrefu, basi anaila mwenye ufunguo, ama kidogokidogo kwa kupangisha mtu mwingine juu kwa juu, ama kwa mkupuo mmoja, na huo mkupuo ndo kilemba. Yule mama wa fremu ya pili anayepelekewa kodi na dada wa miamala hana hati, na inawezekana hata jina lake kwenye mkataba halipo, lipo la marehemu shemeji yake. Lakini mdomo wa ngazi ni wake. Na ukitaka kujua kesho jengo litafanya kazi gani, muulize yeye, usihangaike na ofisi ya ardhi.

Na mwenye ufunguo anasikiliza upepo wa sheria kuliko mtu yeyote. Angalia fremu moja ya kona ya mjini ilivyokuwa ikibadilika. Baada ya 1986, zama za ruksa za Mzee Mwinyi, duka la ugawaji likafa, pakaingia nguo, redio, kanda. Mwaka 1992 sheria ya fedha za kigeni ikaruhusu maduka ya kubadilisha fedha, palepale fremu za kona zikawekwa nondo na kioo kinene, maana duka la kubadilisha fedha halitaki nafasi, linataka kona na mlango mgumu. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia, watu wa miamala wakahitaji nafasi ndogo zaidi, meza na kiti, ndo ile midomo ya ngazi ambayo zamani ilikuwa ya bure ikaanza kulipiwa. Mwanzoni mwa 2019 serikali ikayavamia maduka ya kubadilisha fedha ya Dar, mengi yakafungwa, na ndani ya muda mfupi kile kioo kinene kikawa kinauzia kava za simu. Ukipita leo ukaona duka la kava lina nondo za benki, usishangae, hiyo ni 1992 imebaki ukutani.

Ofisi za juu nazo zilipigwa na tangazo la 2016, serikali inahamia Dodoma. Fundi mihuri, mtu wa kuchapa barua, muuza makaratasi, hawa walikuwa wanaishi kwa wizara. Mhasibu wa wizara alikuwa anashuka kwa miguu kuja kuchonga muhuri, siku hizi yuko kilomita mia nne na kitu kutoka hapa. Mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yalianza, Barabara ya Morogoro na Msimbazi zikapata njia za basi katikati, kupaki kukawa taabu, mteja wa gari akapungua, wa miguu akaongezeka. Biashara ya mteja wa miguu ni vitu vidogo, vingi, vya haraka, vinavyotaka stoo karibu. Na stoo karibu ni wapi? Ni juu. Ni chumba cha kulala cha 1936.

Hapa ndo pananitia wasiwasi kuliko kilemba na hati zote.

Sakafu ya chumba cha kulala husanifiwa kubeba kama kilo 150 mpaka 200 kwa kila mita moja ya mraba, juu ya uzito wake yenyewe. Inatosha kitanda, kabati, watu, hata ngoma ya kitchen party. Sasa chukua boksi la karatasi za A4, la rimu tano, hilo tunalolijua wote. Rimu moja ni kilo mbili na nusu, boksi kilo 12 na nusu. Ukiyapanga vizuri kwenye mita moja ya mraba yanaingia kama 14 chini, ukayapandisha sita kwenda juu, ambayo hayafiki hata kimo cha mtu, umepata maboksi 84. Piga hesabu: zaidi ya tani moja. Sakafu ya mita moja ya mraba iliyoandaliwa kwa kilo 200 imebeba tani moja na inanyamaza, inanyamaza, kwa sababu mafundi wa zamani walijenga kwa ukarimu, saruji nene na nondo hawakuzionea uchungu. Lakini ukarimu wa fundi wa 1936 una mwisho wake, na nondo zikishaanza kula kutu kwa chumvi ya bahari na bomba la jirani linalovuja, hata hizo kilo 200 hatuna uhakika nazo. Mawigi ni mepesi, sawa, nashukuru. Ghorofa ya chini yake palikuwa na vigae.

Na hakuna anayejua vizuri nini kimewekwa wapi. Mei 2023 wafanyabiashara Kariakoo walifunga maduka siku kadhaa, na moja ya vitu walivyolalamikia ni utaratibu wa kodi ya serikali wa kusajili stoo. Mimi nilikuwa upande wa wafanyabiashara kwa habari ya usumbufu, ila nikawa najiuliza, hivi nje ya mtu wa kodi kuna mtu mwingine yeyote anazijua hizi stoo? Mhandisi anazijua? Zimamoto?

Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa Kariakoo likaanguka asubuhi watu wakiwa ndani, wakafa zaidi ya ishirini, na ikaundwa timu ya kukagua majengo ya eneo lile. Miaka kumi na moja nyuma yake, Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Hayo yote mawili si majengo ya zamani ninayoyaongelea hapa, nisije nikayachanganya, ila yalinifundisha kitu kimoja, kwamba mjini watu wanaogopa jengo kuukuu wakati kinachoua mara nyingi ni mabadiliko, mtu kachimba chini, kaongeza juu, kavunja ukuta wa katikati aunganishe fremu mbili. Ukuta ule wa katikati kwenye majengo ya zamani mara nyingi ndo umebeba sakafu, fundi anayeuvunja kwa laki mbili za kibarua hajui na aliyemtuma ana haraka ya kupokea mzigo.

Halafu kuna kubomoa. Huwezi kukaa na ghorofa mbili kwenye kiwanja ambacho jirani kapandisha kumi na mbili, hata mtakatifu atashawishika. Kwa majengo ya National njia kubwa imekuwa ubia: shirika linatoa kiwanja, mwekezaji anatoa hela ya ujenzi, jengo jipya wanagawana. Sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo nayo ikarahisisha, maana sasa mtu anaweza kuwa na hati ya flati namba fulani ghorofa ya saba bila kuwa na jengo zima. Kwa hiyo yule mtu mmoja wa 1936 aliyekuwa ardhi, kuta na ufunguo, kwenye jengo jipya amekuwa watu sitini.

Mtu atauliza, sheria ya mambo ya kale haiyalindi? Hii nilicheka nilipoielewa. Sheria ile ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Sasa Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar miaka ya mwanzoni ya 1860, Boma la Kale na Atiman House ni za katikati ya miaka ile. Yaani jiji zima limezaliwa likakuta lango limeshafungwa. Kilwa inaingia, Bagamoyo kuna vitu vinaingia, Dar mpaka waziri alitangaze jengo mojamoja kwenye gazeti la serikali. Yaliyotangazwa mengi ni ya Wajerumani, mahekalu, makanisa, ofisi. Boma la Kale lenyewe limekarabatiwa vizuri, limefunguliwa tena 2017 kama kituo cha usanifu na historia ya jiji, nendeni mkalione. Duka la mzee wa sufuria lenye mwaka kwenye paji na roshani ya duara halina wa kulisemea, na ndo aina ya jengo ambalo nusu ya Dar imewahi kununulia sare za shule.

Nikisema hivi sio kwamba nataka yote yabaki. Mengine yananuka, vyoo vya uani vimezibwa tangu enzi za Msajili, ngazi za mbao unapanda umeshika ukuta, na kwenye korido moja niliona mita za LUKU kumi na moja zimepangwa kama masanduku ya posta, kila moja na jina kwa chaki, nyaya zinaingia kwenye tundu moja. Aliyelala humo hana hamu na mambo ya urithi. Ila kabla hujabomoa angalau ujue ni kazi ngapi zimepita humo, na ni nani hasa unayemtoa, maana barua itakwenda kwa mpangaji wa kwenye karatasi na atakayelia ni mwingine.

Fundi nilimpata siku ya tatu, mlinzi ndo alimkumbuka. Yuko jengo la pili kutoka pale, hajapata chumba, chumba hakiwezi tena. Yuko chini ya ngazi, ile pembetatu ambayo zamani watu walikuwa wanaweka baiskeli na ndoo za maji, kaweka mashine yake, taa moja, kigoda cha mteja, na ukisimama vibaya unagonga kichwa. Nikamwambia afadhali hapa hulipi kilemba. Akanitazama kama mtoto.

"Kaka, unadhani hapa nimepewa bure? Nimelipa. Na kuna mtu wa soksi anapataka."

Akaniuliza jina la kikoba linaandikwaje, duara au mstatili, akasema nije saa kumi.